Ushauri nasaha chuoni kwetu Marekani: nilivyouona kwa mihula miwili

Kila Agosti wadogo zangu kutoka nyumbani wakishafika huku huniuliza jambo moja kwa sauti ya chini: "Dada, ile ofisi ya ushauri nasaha ina msaada kweli, au ukionekana pale watasema umechanganyikiwa?" Nimeitumia kwa mihula miwili, kwa hiyo naandika hapa nilichokiona.

Nilikwenda Novemba. Baba alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo, Tanga, mimi niko huku ambako jua linazama saa kumi na moja jioni, silali, sili, na sura ya pili ya tasnifu imekwama wiki tano. Tanga ningesema tu "nina mawazo" na jirani angevuta kigoda. Pale mapokezi sikuwa na neno la kuanzia. Hawakunibana nieleze. Walinipa tableti yenye maswali 62 na kiti kwenye kona yenye utulivu, na hela hawakuniomba, kwa kuwa huduma imo kwenye ada ya afya tunayolipa kila muhula.

Dodoso hilo linaitwa CCAPS. Lilianzia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2001, na leo linasimamiwa na Center for Collegiate Mental Health, kituo cha utafiti kilichopo chuo kikuu cha Penn State. Unasoma sentensi, unakumbuka wiki mbili zilizopita, unachagua namba: 0 ni "si mimi kabisa", 4 ni "ndivyo nilivyo hasa". Majibu yanapangwa katika vipimo vinane: sonona, wasiwasi, hofu ya kuwa mbele za watu, masomo, ulaji, familia, hasira, na pombe na dawa za kulevya. Wanakuomba pia ridhaa ili majibu yako, bila jina, yaunganishwe na ya wanafunzi wa vyuo vingine. Mtandao wao una zaidi ya vituo 800. Nilikubali. Nilipenda kwamba mtu aliuliza kwanza.

Kuna sentensi moja kuhusu kutaka kukatisha maisha. Nilichagua 1, si 0. Mshauri wangu, mama wa rika la shangazi yangu, alianza na hiyo hiyo, kwa utulivu, bila kuita askari wala kumpigia mtu simu. Alitaka nijue namba 988, ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, ambayo tangu Julai 2022 inapokea simu na ujumbe nchi nzima, usiku na mchana. Kisha akanyamaza akanisikiliza. Alitaka nimwite kwa jina lake tu. Nilishindwa, nikawa namwita Dokta. Kwa mama huyu sina la kulalamika hata moja.

Uzuri wa kupimwa niliuona mkutano wa tatu. Alinigeuzia kioo cha kompyuta chenye mchoro wa majibu yangu, ambapo mstari ukishuka ni nafuu: wa masomo umeshuka, wa wasiwasi umeshuka kidogo. Mimi nilikuwa naamini sijasogea popote. Kuona mstari ule kulinipa nguvu ya kufungua tena sura ya pili usiku uleule.

Ila nikauliza: wa familia uko wapi? Haukuwepo. Baada ya mkutano wa kwanza pale wanatumia dodoso fupi la maswali 34, na hilo lina vipimo saba. Kilichoachwa ni familia. Naelewa sababu: maswali 34 yanajibika upesi kabla ya kila kikao. Lakini mimi kilichonileta pale ni baba, na kaka kunipigia saa tisa usiku kuhusu hela ya dawa, na aibu ya kuwa mtoto wa kwanza niliye mbali. Wengi wetu tunaotoka nyumbani tuna mzigo huo huo. Mstari wa masomo ukishuka peke yake, mtu anayesoma karatasi tu ataona nimepona.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kusubiri. Miadi ya kwanza niliipata ndani ya siku nne, nikafurahi. Ya pili ilikuja baada ya wiki tatu, ya tatu vivyo hivyo. Wiki tatu ni ndefu sana kwa mtu asiyelala. Baadaye nikasoma ripoti za kituo hicho cha Penn State nikaelewa kwamba jambo lenyewe wamelipima. Ripoti ya 2015 ilionyesha kuwa ndani ya miaka mitano wanafunzi wanaokwenda kwenye vituo waliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 hadi 40, huku idadi ya wanafunzi waliojiandikisha vyuoni ikipanda kwa asilimia 5 tu. Wakatengeneza kipimo cha mzigo wa washauri, wakihesabu mshauri mmoja kuwa ni saa 24 za kuonana na wanafunzi kwa wiki. Vituo ambavyo kila mshauri amebebeshwa wengi, miadi huwa michache na imeachana sana, na wanafunzi hupata nafuu ndogo zaidi. Kwa hiyo wakuu wa vyuo hawawezi kusema hawajui. Wanachotakiwa ni kuajiri washauri.

Basi nendeni, wadogo zangu, na mwende mapema, Septemba, kabla foleni ya mitihani haijaanza. Siku ya kwanza ombeni mpangiwe miadi miwili kwa mpigo. Na kama kilichowaleta kiko nyumbani, ombeni lile dodoso la maswali 62 lirudiwe. Mimi niliomba hivyo kwenye mkutano wa nne. Dokta alinipa tableti hapohapo, na mstari wa familia ulipotokea ulikuwa juu kuliko Novemba. Hatukuzungumza habari za tasnifu siku ile. Saa nzima ilikuwa ya baba.