Petroli ya nusu tani au dizeli nzito? Nimekokota mbuzi kwa zote mbili

Nianze na kazi yenyewe, maana ukiuliza pikapu ipi inavuta vizuri bila kusema unavuta nini na unapita wapi, kila jibu ni sahihi. Mimi naishi Aurora, ubavuni mwa Denver, Colorado. Siku za wiki niko ghalani. Jumamosi nafuata mbuzi na kondoo kwa wafugaji wa upande wa Grand Junction na kuwaleta kwenye machinjio ya halali huku mjini. Wateja ni sisi kwa sisi: Wasomali na Waswahili kwa Idi, Wakenya kwa nyama choma, Wakongo kwa harusi. Tela langu la mifugo lina futi 16 na linabeba mbuzi 35 hadi 40. Safari ni kama maili 260, na katikati imekaa Milima ya Rocky.

Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa nusu tani, V8 ya petroli isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa). Chapa siitaji kwa sababu haikuwa mbovu. Mbovu ilikuwa hesabu yangu. Karatasi za muuzaji zilisema inavuta ratili 9,000 na ushee. Tela langu likijaa lina ratili 6,900, yaani tani 3 na kidogo. Nikaona nimebakiwa na chenji.

(Hilo jina "nusu tani" lisikuchanganye. Ni la enzi za zamani, pikapu ilipopewa jina kwa mzigo iliobeba mgongoni. Siku hizi zote zimepita hapo, jina limebaki tu. "Robo tatu" ndiyo hizi nzito, kama Ram 2500 na Ford F-250.)

Ukitoka Grand Junction na mzigo, barabara ya I-70 inakupandisha kwanza Vail Pass, futi 10,662. Unashuka, unapumua kidogo, halafu kuanzia Silverthorne unapanda tena hadi kwenye handaki la Eisenhower, futi 11,158. Kwa mita ni 3,400. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanajua hewa ya hapo: ni kati ya Mandara na Horombo. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ukifika mlangoni mwa handaki theluthi moja ya farasi uliowalipia wamebaki bondeni. Mimi nilikuwa kwenye maili 38 kwa saa, injini inapiga kelele kwenye mizunguko 5,000, sindano ya joto la gia inapanda, nimewasha taa za hatari nikiwa kwenye njia ya malori. Malori yenyewe yananipita.

Lakini kupanda ni aibu tu. Hakuna aliyeumia kwa kupanda polepole.

Mjomba wangu aliendesha malori ya Dar na Tunduma, na wimbo wake ulikuwa mmoja: gia uliyopandia Kitonga ndiyo utakayoshukia. Nilimtii. Nikitoka handakini kuelekea Georgetown nilikuwa gia ya tatu, injini inanguruma, na bado tela lilikuwa linanisukuma. Breki za umeme za tela zinafanya kazi, za pikapu zinafanya kazi, na kila kona nakanyaga tena. Kabla ya kufika Georgetown ikaingia ile harufu, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Tukaingia pembeni. Rimu za mbele zilikuwa zinatoa moshi mwembamba na mbuzi wanalia. Shemeji alishachukua dumu la maji ya mbuzi amwagie, nikamdaka mkono; disiki iliyowaka ukiimwagia maji ya baridi inapinda. Tulikaa pale dakika 50. Kutoka hapo hadi Denver bado kuna Mt. Vernon Canyon, ambako wameweka mabango ya kuwaambia wenye malori wasidanganyike, bado maili 4 za mteremko mkali na kona. Bango lile nililisoma kwa makini kuliko barua yoyote ya benki.

Wiki iliyofuata nikapitisha gari na tela kwenye mizani ya malori, ile ya vituo vikubwa vya mafuta ambayo yeyote anaruhusiwa kupima, na nikafungua mlango wa dereva kusoma stika ya manjano. Hapo ndipo siri yote ilipo, na ndipo ningemwomba kila mnunuzi aanzie. Stika haisemi gari linavuta kiasi gani. Inasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kiasi gani. Yangu ilisema ratili 1,480. Sasa tela la kawaida hulalia kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake juu ya lile tufe la chuma linapofungwa. Langu lilikuwa linalalia 950. Mimi 205. Shemeji 230 (anasema 210). Jeki, tairi la akiba la tela, maji na chakula cha mbuzi 180. Jumla 1,565. Nilikuwa nimezidisha bila kupakia hata begi la nguo, huku nikiwa chini kabisa ya zile 9,000 za kwenye karatasi. Ndiyo maana pikapu ilikuwa imechuchumaa nyuma, pua juu, na usukani mwepesi kama wa gari la watoto. Mbuzi nao si mawe: wakiogopa wanahamia upande mmoja wote, na kwenye kona za Glenwood Canyon tela lilitaka kuwa dereva.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "chukua nusu tani yenye tabo". Nguvu ipo kweli. Ford F-150 ya V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili, kuanzia mwaka 2021, inatoa nguvu ya kukokota ya ratili-futi 500, na mwinuko hauitishi sana kwa sababu tabo inaisukumia hewa. Niliazima pikapu ya namna hiyo kwa rafiki na vilima niliviona vidogo. Ila chesisi bado ni ya nusu tani, na stika ya mlangoni haikuwa mbali na yangu.

Kwa hiyo nikaenda dizeli ya robo tatu, ya mtumba. Ili uone tofauti: Ram 2500 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, za 2019 hadi 2024, ilikuwa na ratili-futi 850. Chevrolet Silverado 2500HD yenye injini ya Duramax, za 2017 hadi 2023, ilikuwa na 910. Mzigo uleule, kilima kilekile, nilipanda kwa maili 60 kwa saa, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,200, tunaongea na shemeji sauti ya kawaida. Lakini nilicholipia hasa ni kitufe kimoja kidogo kwenye dashibodi, breki ya eksozi. Ukikibonyeza, njia ya moshi inabanwa, injini inageuka kuwa breki. Kutoka handakini hadi Georgetown niligusa pedali mara tatu. Nilisimama palepale tuliposimama siku ile, nikashika rimu kwa kiganja. Vuguvugu.

Gari lenyewe nalo ni zito na matairi yake ni magumu, kwa hiyo mbuzi wakihama nasikia kidogo tu kiunoni. Mafuta kwa safari yenye mzigo: ile ya petroli ilikuwa inanipa maili 9 kwa galoni, hii maili 12. Usishangilie mapema, dizeli huku kwa kawaida ni ghali kuliko petroli, na sehemu kubwa ya tofauti inaliwa hapo.

Na sasa machungu. Oili ni karibu lita 11 kila nikibadilisha, na kuna filta za dizeli juu yake. Januari Denver ikishuka chini ya nyuzi 20 za Farenhaiti (kama 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi), dizeli huanza kuganda kama samli. Lazima uchomeke injini kwenye umeme usiku na kuweka dawa kwenye tangi. Kuna kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu ili kijichome na kujisafisha, na mimi wiki nzima nilikuwa napeleka watoto shule, dakika 8. Kikaziba. Kuna tangi la urea pia, kimiminika cha kusafisha moshi: sensa yake ilikufa, dashibodi ikaanza kunihesabia maili zilizobaki kabla ya kunipunguzia mwendo, na gereji ikanitoza dola 1,300. Mama watoto akauliza kama ile ya zamani iliwahi kutuhesabia chochote. Sikuwa na jibu.

Kitu ambacho hakuna muuzaji aliyeniambia: injini ya dizeli yenyewe ni mzigo. Stika yangu mpya inasema 2,180. Kwenye yadi niliponunulia, kando yake, palikuwa na dada yake wa petroli, chesisi ileile, V8 kubwa, na stika yake ilisema 2,940. Nilimpita bila kumtazama kwa sababu kichwani nilikuwa na vitu viwili tu, petroli ndogo au dizeli kubwa. Kwa mtu anayevuta tani 3 mara mbili kwa mwezi kwenye nchi tambarare, Kansas au Texas ya kati, ningemwelekeza kwa dada huyo bila kusita. Kwenye gari jipya dizeli peke yake huongeza kama dola 10,000. Utazirudisha lini? Mimi, kwa sababu ya ule mteremko na kila Jumamosi, nabaki na dizeli, na watoto nimewatafutia kigari kidogo cha kuwapeleka shule.

Nusu tani niliiuza kwa shemeji. Anavuta katela ka mashine za kukata nyasi, ratili 2,000 tu, hapahapa Aurora, haoni kilima. Anasema ni gari bora kuliko yote aliyowahi kuwa nayo, na anashangaa kwa nini niliiacha kwa bei ile.