Kinga ya meno ya mtoto wa karate: ukisikia "saizi moja kwa wote", ondoka

Jino lililong'olewa na ngumi lilikuwa la utoto, tayari linacheza. Lakini binti yangu ana miaka 9, ya mbele yameshakuwa ya kudumu, na ngumi ilipoingia, kinga niliyomnunulia Kariakoo ilikuwa mkononi mwake. "Mama, inanitapisha."

Nikaitazama vizuri. Ncha zake zilipita gego la mwisho, zikawa zinamgusa huko nyuma karibu na koo. Tangu hapo rangi na kasha havinihusu. Naangalia jambo moja: mtoto akiachama, kinga ibaki juu yenyewe. Inayokaa mpaka aing'ate ataitema tu, maana hawezi kung'ata, kuhema na kupiga kiai (ule ukelele wa karate) kwa mpigo.

Ya kwanza kwangu ni Opro ya watoto, na sijifichi, naipenda. Inalainika kwenye maji moto, anaibana kwenye meno ya juu, vipezi vya ndani vinashika. Shock Doctor ya pili: imara, ila nene, binti yangu anaongea kama ana andazi mdomoni. Ikizidi urefu, punguza nyuma kwa mkasi. Ya kupimiwa na daktari wa meno hukaa kuliko zote, nakubali, lakini kwa mtoto ambaye meno bado yanang'oka, leo inamtosha, kesho haimtoshi. Zile za sh. 3,000 zisizolainika, pita.

Sasa wauzaji. Kasha limefunguliwa, "ya kujaribia tu, mama". Kitu cha mdomoni! Kimejaribiwa na nani? Bei nikaambiwa 35,000. Sijafika mlangoni ikawa 20,000. Kaka aliyeingia nyuma yangu akapewa kwa 15,000, mbele ya macho yangu. Halafu ananisukumia na helmeti, eti inazuia ubongo kutikisika. Inasaidia michubuko na kupasuka. Mtikisiko haiuzuii, na mtoto akipigwa kichwani akaona kizunguzungu, pambano limeishia hapo, helmeti anayo au hana.

Kumite, yaani pambano la karate la watu wawili, ya mashindano chini ya kanuni za WKF (Shirikisho la Karate Duniani) haichezwi bila kinga ya meno, kwa hiyo usisubiri asubuhi ya mashindano ukauziwa chochote. Na beba maziwa. Jino la kudumu likitoka, lishike upande wa kutafunia, mzizi usiuguse, litumbukize kwenye maziwa, mbio kwa daktari wa meno, saa moja isipite. Mimi nabeba pakiti mbili, kwa sababu mdogo wake huimaliza ya kwanza kabla hatujaitwa.