Schwalbe Marathon Plus: tairi la baiskeli ya kwenda ofisini linaloweza kupanda Ngong

Adui wa tairi za baiskeli Nairobi hulala pembeni mwa Mombasa Road: vijiwaya vyembamba vinavyomwagika tairi za malori zinapopasuka. Huvioni. Hupenya pole pole, upepo ukaisha baiskeli ikiwa imeegeshwa kazini. Hapo ndipo Marathon Plus inapolipa bei yake, ambayo si ndogo. Chini ya meno kuna tabaka la mpira la milimita 5, na waya au mwiba wa mgunga kwa kawaida huishia humo kabla ya kugusa tyubu.

Tabaka hilo hilo huleta uzito. Tairi la inchi 26 kwa 1.75 hukaribia kilo moja, na kutoka Karen kupanda hadi Ngong mjini miguu italijua.

Kabla ya kununua, soma namba kwenye ubavu wa tairi la zamani, usitegemee neno "inchi 28". Black Mamba nyingi, zile baiskeli nzito za chuma, zina rimu ya 635, yaani kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa. Tairi la 622 huitwa 28 vilevile, na halitaingia hata fundi alie. Baiskeli nyingi za mlima za mtumba ni 559.

Kulivalisha ni kazi. Anzia upande ulio mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu, huku ukisukuma kingo zote mbili za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu. Bila hivyo sentimita kumi za mwisho hazivuki. Maji ya sabuni husaidia. Bisibisi ndiyo inayotoboa tyubu mpya, kwa hiyo mkatalie fundi anayeishika.

Kwa mtu wa kilo 75 na tairi la upana wa inchi 1.75, upepo wa PSI 60 (kipimo kilicho kwenye pampu) watosha kwa lami. Jumamosi, kwenye barabara ya vumbi, shusha hadi 45. Ukishuka zaidi, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matobo mawili sambamba, na tabaka la milimita 5 halizuii hilo.

Masika ni habari nyingine. Udongo mwekundu wa msitu wa Karura huziba meno haya mafupi, gurudumu la nyuma likazunguka bure. Anayeingia msituni Aprili atafute Marathon Plus MTB, yenye meno marefu pembeni. Na kila Ijumaa jioni kagua tairi, ung'oe vijiwaya kwa kibanio: vikiachwa, kila mzunguko huvisukuma ndani zaidi.