Fomu ya kupinga deni Marekani: inamfaa aliyefuta mkataba wa taimushea?

Kampuni ya kukusanya madeni ikikutafuta nchini Marekani, hukuletea notisi ya deni. Katika kiolezo cha CFPB, taasisi ya serikali inayowalinda wateja wa huduma za fedha, chini ya notisi kuna kipande cha kukata na kurudisha, chenye visanduku vitatu vya sababu za kupinga: deni si langu, kiasi si sahihi, sababu nyingine. Kanuni zake zilianza kutumika tarehe 30 Novemba 2021. Kwa bili ya hospitali iliyokosewa, kipande hicho kinatosha. Kwa aliyefuta mkataba wa taimushea, yaani wa kununua zamu ya kutumia nyumba ya likizo, kikitumwa peke yake hakitoshi.

Sahihi kwenye mkataba ni yako, na kiasi huenda kinalingana kabisa na kilichoandikwa humo. Ukitia alama kwenye kisanduku cha kwanza au cha pili, watakutumia nakala ya mkataba na kuendelea kukudai. Hoja yako ni nyingine: mkataba wenyewe ulikwisha kufutwa. Tia alama kwenye kisanduku cha tatu na uambatishe ushahidi.

Kwa mkataba wa Florida, ushahidi wenye uzito ni nakala ya barua ya kufuta pamoja na stakabadhi ya posta yenye tarehe. Kifungu cha 721.10 cha sheria za jimbo kinampa mnunuzi siku 10 za kalenda tangu aliposaini au tangu alipopokea hati ya mwisho anayostahili kupewa, kutegemea lipi lilitokea baadaye. Barua ya posta huhesabiwa kwa tarehe ya muhuri, si siku waliyoifungua. Hata kama ulisaini karatasi ya kuiacha haki hiyo, karatasi hiyo haina nguvu. Lakini kama ulifuta siku ya 11, fomu hii haitakuokoa, tafuta wakili.

Barua ya kuambatisha iwe fupi: namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, tarehe ya kufuta, na ombi la uthibitisho wa deni. Usiandike “nitalipa kidogo”, wala usitume hata dola 20 ili wakuache, maana malipo hayo yanaweza kutumiwa kama dalili kwamba unalikubali deni.

Itume pamoja na kipande hicho kwa Certified Mail, yaani barua ya rejista, ukiomba risiti ya mpokeaji, ndani ya siku 30 tangu upokee notisi. Hapo ndipo fomu inapoonyesha thamani yake: wakishapokea pingamizi la maandishi kwa wakati, lazima wasimamishe udai mpaka wakutumie uthibitisho. Pingamizi la simu haliwafungi hivyo, na wengi hupotezea siku zao hapo.

Kasoro za fomu ni mbili. Haigusi ripoti yako ya mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi unavyokopa na kulipa. Deni likiwa limeingia huko, peleka pingamizi jingine kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza ripoti hizo, ambao kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Pia sheria ya ukusanyaji wa madeni ya mwaka 1977, iliyoizaa fomu hii, humbana zaidi mkusanyaji wa nje, yaani anayedai kwa niaba ya mwingine. Muuzaji anayejidaia mwenyewe kwa jina lake, mlalamikie CFPB kupitia tovuti yao. Kampuni nyingi hutakiwa kujibu ndani ya siku 15.

Ukiletewa hati ya mahakama, weka fomu kando na uijibu mahakama ndani ya muda ulioandikwa humo, hata kama pingamizi lako bado halijajibiwa.