Mpiga fidla anapowaandikia wapiga fidla: albamu ya Orange ya Caroline Shaw

Msikilizaji aliyemfahamu mtunzi Caroline Shaw kupitia Partita for 8 Voices, kazi ya sauti za watu wanane iliyompatia Tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 30, huenda akaiona albamu ya Orange kuwa imepungukiwa, kwa kuwa hakuna anayeimba ndani yake. Iliyotoka mwaka 2019, ni albamu ya fidla mbili, viola moja (ndugu wa fidla mwenye sauti nzito kidogo) na selo moja (kubwa na yenye sauti nzito zaidi), zinazopigwa na kundi la watu wanne, Attacca Quartet, naye Shaw hashiki ala yoyote.

Hata hivyo mkono wake unasikika kila mahali. Shaw alizaliwa mwaka 1982 huko Greenville, North Carolina, na mama yake alianza kumfundisha fidla akiwa mtoto wa miaka miwili. Anaandika kama mtu anayejua kidole kinachoka wapi na upinde ukilegezwa hutoa nini, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo uzuri wa albamu hii.

Mfano ulio wazi ni Entr'acte, utungo wa mwaka 2011 ambao aliuandika baada ya kuwasikia kundi la Brentano Quartet wakipiga kwateti (utungo wa ala nne za nyuzi) ya Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, Opus 77 namba 2. Mwanzo wake una adabu zote za minueti, dansi ya kale: mapigo matatu matatu, vituo vilivyopimwa, heshima ya ukumbini. Kisha vidole vinazifunika nyuzi bila kuzibonyeza, noti inatoweka, na kinachosalia ni mkwaruzo wa upinde, mithili ya mtu anayepumua katika chumba cha pili. Nilipousikiliza mara ya kwanza kwa spika ya simu nilidhani rekodi ina kasoro, nikarudisha nyuma mara mbili kabla ya kutafuta spika za masikioni. Mwishoni selo inabaki peke yake ikidonoa nyuzi polepole, kama mzee anayejaribu kukumbuka wimbo wa ujana wake. Attacca wamewahi kupiga kwateti zote 68 za Haydn, kwa hiyo mzaha huu wa kuivuruga minueti yake wanauelewa kutoka ndani.

Valencia, wa mwaka 2012, unahusu chungwa la kawaida kabisa. Fidla zinapiga sauti nyembamba za juu, zile zipatikanazo kwa kuugusa uzi kidogo tu, hadi mtu akadhani anauona mwanga ukipenya kwenye vifuko vya maji ya tunda. Sisi tuliozoea kumenyewa machungwa ya Muheza kando ya barabara hatuhitaji maelezo zaidi.

Plan & Elevation, wenye sehemu tano, ulitokana na kipindi alichokaa Shaw Dumbarton Oaks, jumba la kihistoria mjini Washington, na unatembea katika bustani za pale bila haraka, kuanzia The Ellipse hadi The Beech Tree, sehemu tulivu kuliko zote. Limestone & Felt, wa viola na selo tu, ni mfupi na mchangamfu. Lawama yangu ni kwa Ritornello, ambao unazunguka wazo moja kwa muda mrefu kuliko wazo lenyewe linavyoweza kustahimili; nimeumaliza mara moja tu, tena kwa kujilazimisha.

Albamu hii iliwapatia Attacca Quartet Tuzo ya Grammy mwaka 2020 kwa upigaji wa vikundi vidogo, na upigaji wao kweli hauna doa. Kwa anayetaka kuinunua au kuisikiliza kwa programu ya simu, nashauri aanze na Entr'acte na azime kwanza kitufe cha kuchanganya nyimbo, maana sehemu tano za Plan & Elevation zimehesabiwa kama nyimbo tano, na mimi niliwahi kufikishwa chini ya mti wa The Beech Tree kabla sijaingia bustanini.