Hadubini ya laki tatu na nusu: lenzi ya 40 safi, ya 100 pambo

Walimu wenzangu wa baiolojia mnaoulizana kuhusu hadubini za bei nafuu zinazouzwa Mbeya mjini, hii nimeitumia tangu muhula uliopita huku Rungwe. Ni ya Kichina, ya jicho moja, mwili wa chuma, lenzi nne: 4, 10, 40 na 100. Duka silitaji. Muuzaji alianzia laki nne na nusu, tukaelewana tatu na nusu, akaongeza na boksi la slaidi, vile vioo vya kuwekea kitu cha kuangalia.

Kwa kazi ya darasani inafaa. Bandua ule utando mwembamba wa ndani ya gamba la kitunguu, utandaze kwenye tone la maji usijikunje, tia iodini, funika kwa kioo chembamba cha kufunikia. Kwa lenzi ya 10 seli zinaonekana zimepangana kama tofali. Ukipanda kwenye ya 40, yaani kukuza mara 400 ukijumlisha na lenzi ya jicho ya mara 10, unakiona kiini, cha rangi ya kahawia, kimesukumwa pembeni na vakuoli, kile kifuko kikubwa cha maji ndani ya seli.

Ila uhondo wenyewe uko kwenye kiazi. Nilichukua kiazi cha Uporoto, nikakwaruza kidogo kwa wembe, ule uji mweupe nikaupaka kwenye slaidi. Chembe za wanga zimejaa tele, zina umbo la yai, na ukifinya dayaframu, kile kitundu cha kupitishia mwanga, ili kuupunguza unaona hadi mistari ya tabaka ndani ya chembe. Kisha weka tone la iodini ukingoni mwa kifuniko, upande wa pili gusisha kipande cha karatasi ya tishu kivute maji. Bluu inaingia taratibu, chembe moja baada ya nyingine, huku vipande vya ukuta wa seli vikibaki vyeupe. Kijana mmoja wa kidato cha tano akauliza: selulosi ya ukuta wa seli nayo si imejengwa kwa glukosi kama wanga, mbona haigeuki bluu? Swali hilo kwangu limerudisha nusu ya bei. Minyororo ya amilosi kwenye wanga hujisokota, iodini ikanaswa ndani ya msokoto. Ya selulosi imenyooka, haina pa kuishikia.

Sasa kero. Hii inatumia kioo cha kurudisha mwanga wa nje, na Tukuyu ya huku Rungwe mnaijua: msimu wa mvua ukungu unaweza kukaa asubuhi nzima. Tunaokoa jahazi kwa tochi ya simu iliyofunikwa karatasi nyeupe. Jua likitoka nalo, msikielekeze kioo kwenye jua lenyewe, mtaua macho ya watoto. Shule yenye umeme ichukue ya taa, hata kwa kuongeza hela.

Lenzi ya 100 ni pambo. Inataka mafuta maalumu, dukani hayakuwepo, na nilipoyapata kwingine picha ikawa ukungu mtupu. Muuzaji alinihakikishia nitaona mpaka ribosomu, vile vijichembe vya seli vinavyotengeneza protini. Jamani! Ribosomu ina upana wa nanomita 20 hadi 30, na hadubini ya mwanga ya kawaida, hata ya mamilioni, inakomea kwenye nanomita 200 hivi. Hizo ni kazi za hadubini ya elektroni. Kwa seli za shavu na kloroplasti (vile vijumba vya kijani) za majani ya majini, ya 40 inatosha kabisa.

Skrubu ya kurekebishia nayo ililegea mapema, meza ya kuwekea slaidi ikawa inashuka yenyewe ukiwa unaangalia. Dukani walisema mali ikishatoka hairudi. Fundi saa wa Mwanjelwa aliikaza kwa elfu tano, na haijasumbua tena. Kwa unyevu wa huku ihifadhini kwenye boksi na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, la sivyo lenzi zitaota kuvu.

Mkienda kununua, bebeni kitunguu na wembe, mjaribu pale pale kaunta kwa lenzi ya 40 kabla hamjatoa hela. Muuzaji akikataa, nendeni duka la pili.