Trincomalee, Hartlepool: anzia chini

Ukifika Hartlepool, kaskazini mashariki mwa Uingereza, usikimbilie mizinga ya Trincomalee, manowari ya kale ya mbao. Shuka ngazi moja kwa moja mpaka sitaha ya chini. Ngazi ni kali, kwa hiyo vaa viatu bapa, na uiname, maana boriti ziko usawa wa paji la uso. Kisha tazama mataruma, yaani mbavu za meli. Kazi ya Jamsetji Bomanji Wadia iko hapo.

Huyu alikuwa Mparsi, yaani mfuasi wa dini ya Zoroaster, wa Bombay, India, wa ukoo uliojenga meli tangu babu yake Lowji alipoletwa kutoka Surat mwaka 1736. Mkuku, uti wa mgongo wa meli, ulilazwa 1816, ukapigiliwa msumari wa fedha kwa mila ya Waparsi, na meli ikashushwa majini tarehe 12 Oktoba 1817. Ingewahi zaidi, ila michoro ya kwanza ilikuwa ikipelekwa Bombay ndani ya Java, meli ya Waingereza iliyotekwa na Wamarekani Desemba 1812, ikabidi ipelekwe nakala nyingine.

Siri ya uzima wa Trincomalee ni msaji (mti wa mtiki) wa Malabar, pwani ya kusini magharibi mwa India. Mwaloni una tanini inayokula chuma: msumari unaliwa, tundu linapanuka, maji yanapenya, mbao inaoza kuanzia ndani na nje huoni kitu. Msaji una mafuta yanayokihifadhi chuma. Tena ukishakauka vizuri hausinyai ovyo, hivyo kalafati, nyuzi za kuziba maji, haitoki kwenye maungio. Mafundi wa majahazi wa Sur, Oman, waliuagiza msaji huohuo kwa sababu hizohizo. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mbao za Jamsetji bado zimo, na meli inaelea mpaka leo, wakati Victory, manowari ya Nelson iliyojengwa kwa mwaloni, imekaa gati kavu.

Tahadhari moja kwa mtu wa ufundi: tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, siyo ile aliyoijenga Jamsetji. Ilibadilishwa miaka ya 1840 meli ilipopunguziwa mizinga. Kamba nazo ni za ukarabati wa 1990 hadi 2001, kazi safi kabisa. Tenga saa mbili, nusu yake chini.

Kwa mtu wa Unguja, kumbuka Liverpool, meli ya mizinga 74 ya Sayyid Said: ilijengwa Bombay hapohapo, 1826, na mwaka 1836 akamtunuku Mfalme William IV. Waingereza wakaiita Imaum. Hiyo haipo tena. Anayetaka kugusa msaji wa uwanja ule, aiguse Trincomalee.